Mitaro Miwili ya Mwabusangi

Zipora alikuwa na mitungi mitatu nyuma ya nyumba, nayo ilifuatana kama madarasa ya shule. Maji ya lambo yakifika huingia mtungi wa kwanza, mekundu kama uji wa ulezi. Yakituama, tope likashuka, yeye huchota ya juu kwa kata, taratibu bila kutikisa, akayahamishia mtungi wa pili. Kesho yake, wa tatu. Yakifika wa tatu huwa yamepungua wekundu, lakini kuyaita maji safi ilikuwa ni heshima tu, kama mtu mfupi anavyoitwa mrefu siku ya harusi yake.

Lambo lenyewe lilikuwa la watu na la ng'ombe. Ng'ombe wanywe upande wa chini, watu wachote upande wa juu. Hiyo ndiyo sheria ya kijiji cha Mwabusangi tangu lambo lichimbwe. Ila ng'ombe hawakuhudhuria mkutano uliopitisha sheria hiyo.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka hamsini na sita, mwembamba, mwepesi wa mguu, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. Alizaliwa karibu na Songwa, akaolewa Mwabusangi na Bujiku, akazaa watoto watano, wa kwanza Nelly. Katikati ya maisha yake ipo miaka minne aliyoishi Rwamgasa, kule Geita, mumewe alipobebwa na homa ya dhahabu kama wanaume wengine. Bujiku alishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji yanayokwenda chini kama visima. Zipora alibaki juu, akiwapikia wachimbaji wali na maharage.

Kule aliona mambo. Aliona mtu ana dhahabu imefungwa kwenye kitambaa shingoni, naye anabembeleza kikombe cha maji. Maji ya kijito cha jirani hayakunyweka, maana ndiko walikooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Ya kunywa yalitoka mbali, kwenye madumu, juu ya baiskeli. Akajifunza na jambo jingine, dogo tu, na ndilo lililokuja kumponza. Katika kambi ile, mwenye duara akitaka kuonyesha mpaka wake, alimwaga majivu mstari mrefu, na hakuna aliyebishana na mstari huo. Majivu yamesema, basi. Zipora akaliweka hilo kichwani. Dhahabu hawakuipata, walirudi nyumbani na redio moja na kikohozi cha Bujiku.

Sasa, bomba kubwa la maji ya ziwa lilikuwa limezikwa kando ya barabara kuu, kilometa tatu kutoka shule ya kijiji. Miaka mingi watu wa Mwabusangi walipita juu yake na baiskeli zao, madumu ya tope yakigongana nyuma, kama mtu mwenye njaa anayepita mlango wa jiko la mwenzake. Ndipo watu wa maji wakaja na habari njema. Mabomba yapo, fundi yupo, tenki litajengwa shuleni. Kazi ya kijiji ni mtaro: kilometa tatu, kina cha kufika kiunoni. Lori la mabomba litakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba. Likikuta mtaro haujakamilika, litaendelea hadi kijiji kinachofuata kwenye orodha, na litarudi lini, hilo hakuna aliyeweza kusema.

Kijiji kikaunda kamati ya maji, na Zipora akachaguliwa mwenyekiti. Katibu wake, Thobias, alitia sahihi kwa uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. Hakuwahi kuona kamati yenye mwenyekiti mwanamke, na alitaka kila mtu ajue hivyo.

Wiki ya kwanza ya kuchimba walikuja watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuja kutazama. Wiki ya pili wakaja saba. Waliobaki walikuwa na msiba. Kila siku msiba, hadi Zipora akaingiwa na hofu kwamba kijiji kinakwisha. Mwezi wa saba ukafika, mtaro haujavuka hata uwanja wa shule.

Lakini mwezi wa saba Usukumani ni mwezi wa ngoma. Mavuno yako ghalani, ardhi imekauka, miguu inawasha. Vikundi viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, hushindana kwa nyimbo, kwa majembe yanayorushwa juu na kudakwa, na, ukweli usemwe, kwa dawa pia, maana kila kundi lina mganga wake wa kuvuta watazamaji na kulegeza viuno vya wapinzani. Kila kundi lina ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Ningi wa Bagika pale Mwabusangi alikuwa Bujiku, mume wa Zipora. Ningi wa Bagalu alikuwa Luka, mdogo wake Zipora, wa tumbo moja. Kwa hiyo kila mwezi wa saba Zipora hukaa kati, mumewe huku, ndugu yake kule, akisikiliza matusi ya pande zote mbili kwa uvumilivu mkubwa.

Mwaka huo hakuvumilia. Aliwasha moto.

"Baba Nelly," alimwambia mumewe wakila, "nasikia watu wanasema Bagika siku hizi mnacheza mmekaa."

Bujiku akaacha kutafuna. "Luka ndiye kasema?"

"Mimi nimesikia tu."

Asubuhi akamfuata Luka zizini. "Shemeji yako anauliza kama Bagalu bado mna majembe, au mliyauza yote."

"Dada! Kayasema hayo mbele za watu?"

"Hapana. Mbele ya sufuria tu, tulikuwa wawili."

Kufika jioni mashindano yalikuwa yamepangwa. Bagika wataanzia barabarani, kwenye bomba kubwa. Bagalu wataanzia shuleni. Wote wachimbe kwa ngoma, kuelekea kigingi kikubwa cha kati. Watakaofika kwanza ndio watakaofungua bomba siku maji yatakapokuja. Wanaume waliokuwa na msiba wakafufuka wote.

Njia ilikwishapimwa na fundi Donatus, kijana wa Ushirombo, aliyepigilia vigingi tangu barabarani hadi shuleni. Ila vigingi vilikuwa vifupi, na nyasi na mabua ya mtama yalikuwa marefu. Zipora akawaza: watu hawa wakishashika ngoma hawatazami chini, watapotea. Akakumbuka Rwamgasa. Siku ya kuanza, kabla jogoo hawajamaliza kuwika, alikwishabebesha punda wa jirani magunia ya majivu ya jiko la shule, akatembea njia nzima, akimwaga mstari mweupe kutoka kigingi hadi kigingi. Akautazama, akauona mzuri. Kisha akapanda gari la kwenda wilayani kuazima makoleo, wala hakumwambia mtu. Kuna haja gani? Majivu yatasema.

Alirudi jioni, akasikia ngoma zinanguruma, akaona vumbi limesimama angani pande mbili, moyo wake ukacheza. Siku mbili zilizofuata hakuondoka shuleni, alikuwa kwenye masufuria na wanawake wenzake, maana watu mia mbili wanaochimba wanakula kama nzige. Kila akiinua macho aliuona mtaro wa Bagalu umenyooka kama mkeka uliotandikwa, unapanda kilima kidogo kilichoko katikati ya njia na kupotelea nyuma yake. Nani angekagua zaidi ya hapo?

Siku ya tatu, Jumanne, alikuwa anasonga ugali wakati sikio lake lilipomwambia kuna jambo. Ngoma za Bagika, zilizotoka barabarani, zilikuwa zinakaribia shule. Ngoma za Bagalu, zilizotoka shuleni, zilikuwa zinakaribia barabara.

"Zimepishana," akasema.

"Nini zimepishana, mayu?" akauliza mmoja wa wanawake, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ngoma!" Akautupa mwiko, akakimbia.

Juu ya kilima aliona kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Mitaro miwili, yote mizuri, yote imenyooka, imepita ubavu kwa ubavu, kati yake hatua kumi na nne. Bagika walikuwa wamewapita Bagalu, na Bagalu wamewapita Bagika, kila kundi limekaza macho mbele, linaimba kwa nguvu zaidi ili lisionekane limeliona jingine. Walikwishaachana karibu hatua mia, na majembe bado yanapanda na kushuka.

"Luka! Mnakwenda wapi?"

"Kati!"

"Kati mmeshaipita!"

"Hao ndio walioipita, dada. Sisi tumenyooka."

Akavuka upande wa pili. Bujiku alijifuta jasho kwa madaha. "Mama Nelly, muulize yeyote mwenye macho. Mtaro ulionyooka ni upi?"

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa: ilinyooka yote miwili.

Jumatano akaja Donatus na pikipiki yake. Akavua kofia, akatembea kwanza mtaro huu, kisha ule, akarudi.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Usinipe pole, mwanangu, nipe ushauri."

"Sisi Wasumbwa tunasema Msukuma hafanyi jambo nusu. Niliomba mtaro mmoja, mmenipa miwili." Watu wakacheka kidogo. "Lakini si kitu. Bomba hili ni la plastiki, linakunjika. Kateni hapa, hatua kumi na nne, muunganishe. Kazi ya nusu siku."

Hakuna aliyeinua jembe.

"Anayekata kona ndiye aliyepotea," akasema Bujiku.

"Hapo umesema kweli, shemeji," akajibu Luka. "Kwa hiyo kateni."

"Tutachimba sisi wanawake!" Zipora akapiga kelele.

"Sawa," akasema Luka, "lakini mtaanzia kwenye mtaro wa nani? Mkianzia kwao, maana yake sisi ndio tuliofuatwa tulikopotelea."

"Wakianzia kwenu," akadakia Bujiku, "maana yake ni sisi."

Thobias akatikisa kichwa kwa huzuni yenye furaha ndani yake. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akawaambia waliokuwa karibu, ingawa hakuna aliyekumbuka alisema nini.

Donatus akapanda pikipiki. "Mama, lori ni Ijumaa. Mimi siwezi kulizuia."

Jioni hiyo Bujiku alikula matonge mawili tu. Halafu akasukuma bakuli.

"Luka ni mtoto mbaya. Mimi shemeji yake, niliyemwoa dada yake, anitegee dawa njiani!"

"Dawa gani tena?"

"Hukuiona? Nyeupe, kuanzia kigingi cha kwanza hadi macho yanapokomea. Tumefika asubuhi ile, tumeikuta. Mzee Mwigulu, mganga wetu, akainusa kwa mbali, akasema hii ni ya kuvunja viuno, msiikanyage, kaeni hatua saba mkono wa kulia. Tukakaa."

Zipora alikuwa anachota maji kwenye mtungi wa tatu. Kata ikagonga chini, tope lote likapanda juu.

"Nyeupe?" akauliza.

"Kama unga."

Hakuwa na haja ya kwenda kwa Luka kuuliza yeye alikuta nini. Hatua saba mkono wa kulia wa watu wanaotoka barabarani, na hatua saba mkono wa kulia wa watu wanaotoka shuleni, ni hatua kumi na nne. Hesabu hiyo hata aliyeacha shule darasa la nne anaiweza. Mstari wa Rwamgasa ulisema "mpaka ni huu", na yeye alitaka huu wake useme "piteni hapa". Mwabusangi, mwezi wa ngoma, mstari huohuo ulisema "mtakufa".

Wala si kiti cha kamati kilichomtia hofu zaidi, kiti angekirudisha. Hofu yake ilikuwa wimbo. Usukumani mtu akifanya la ajabu mwezi wa ngoma, huimbwa, na wimbo una miguu mirefu kuliko basi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyenunua fahali mnadani kumbe ni kipofu. Bujiku akamwimba mwaka mmoja tu, bwana yule akahamia Kahama, na huko nako akakuta watoto wanauimba. Na waimbaji wawili wakubwa wa eneo lile, mmoja alikuwa mumewe na mwingine ndugu yake. Akinyamaza, lori litapita. Akisema, ataimbwa na pande zote mbili hadi kaburini.

Akautazama mtungi. Maji yalikuwa mekundu tena, kama ya siku ya kwanza. Akasema moyoni, haya, waimbe.

Alhamisi jua lilipochomoza, makundi yalikuwa kilimani, kila moja limekaa juu ya udongo wake, wamepeana macho. Katikati yao mstari wa majivu ulikuwa bado mweupe. Siku nne hakuna mguu uliougusa, hata mbuzi walifukuzwa wasisogee. Zipora akaja na kibuyu cha maji na mswaki wa mti mdomoni. Akashuka moja kwa moja hadi kwenye mstari, akasimama juu yake na miguu yote miwili.

Sauti moja ikatoka kwa watu mia mbili.

"Dada! Toka hapo!" Luka akaruka juu. "Kiuno!"

"Kiuno hiki kimezaa watoto watano. Kitavunjwa na nini?"

Akainama, akachota majivu kwa kidole, akayapaka kwenye mswaki, akaanza kusugua meno. Akasugua ya juu, akasugua ya chini, akasugua ya nyuma, bila haraka, kama yuko uani kwake. Mama mmoja akafunika macho kwa khanga. Zipora akasukutua, akatema, akawaonyesha meno.

"Ni majivu ya jiko la shule," akasema. "Ya kuni zilizopika uji wa watoto wenu. Niliyamwaga mimi, kwa mkono wangu, na punda wa jirani shahidi, ili msipotee njia. Hakuna aliyemtegea mwenzake. Mmenikimbia mimi, wote, hatua saba saba."

Kisha macho yote yakamgeukia mzee Mwigulu, aliyeinusa dawa kwa mbali. Mzee akakohoa.

"Mimi nilisema ina moto ndani yake," akasema. "Majivu yanatoka wapi kama si motoni?"

Bujiku ndiye aliyeanza. Alicheka hadi kikohozi cha Rwamgasa kikamrudia, akapigwa mgongoni. Luka alikaa chini ndani ya mtaro akabaki kichwa tu kinatikisika. Kicheko kikapanda na kushuka mitaro yote miwili, na kilipotulia hapakuwa na upande uliopotea. Aliyepotea ni majivu, au ni Zipora, na Zipora si Bagika wala Bagalu.

"Sasa tunaanzia kwa nani?" akauliza Luka, akijifuta macho.

"Anzieni hapa niliposimama," akasema Zipora. "Bagika mchimbe kurudi kwenu, Bagalu mchimbe kurudi kwenu. Hapo nani kamfuata nani?"

Wakatazamana. Thobias mwenyewe ndiye aliyemkabidhi jembe la kwanza, akisema ni kwa niaba ya ofisi ya katibu.

Jembe la tatu halijashuka, wimbo ukazaliwa. Bujiku akautoa:

*Zipora kamwaga jiko njiani,*
*wanaume mia mbili wakakimbia!*

Na Luka, badala ya kujibu kwa wimbo wake kama desturi, akaudaka huohuo na kuuongezea:

*Wakakimbia uji wa watoto,*
*kumbe uji haukuwa na meno!*

"Hamna adabu!" Zipora akapiga kelele, mikono kiunoni. "Mume hana adabu, ndugu hana adabu!" Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuikanyaga ngoma, na mwenyewe hana habari. Jua halijafika utosini, udongo wa mwisho ulikuwa umetoka.

Lori lilikuja Ijumaa na vumbi lake. Donatus aliukagua mtaro, akafika kwenye kona mbili za kilimani, akacheka, akaandika jambo kwenye daftari lake. Mabomba yakashuka. Zile ncha mbili zilizopitiliza, kila moja hatua hamsini zisizokwenda popote, hakuna kundi lililokubali kuzifukia. Mpaka leo kila kundi linasema ni ushahidi.

Wiki tano baadaye, siku ya kufungua, watu walijaa shuleni tangu asubuhi. Bagika walisema wao walifika kwenye majivu kwanza. Bagalu walisema kufika si kitu, wao walimaliza kwanza. Mabishano yakanoga, ngoma zikaanza kupashwa moto, na katika kelele hizo Donatus, ambaye alitaka tu kujaribu, akainama akazungusha koki.

Bomba likakohoa. Likatema upepo, likatema maji ya kahawia, kisha meupe kama maziwa kwa hewa iliyokuwa ndani. Kisha yakatulia, yakashuka mstari mmoja, na ukiweka mkono nyuma yake unaziona kucha zako.

Kelele zikafa. Mtu akatoa kikombe cha bati, kikapita mkono kwa mkono hadi kwa Zipora. Akakikinga, akatazama ndani, akaiona kwenye kitako cha kikombe kutu yake ndogo. Akanywa. Akasimama, uso umekunjamana kidogo, kama mtu anayetafuta jina la mgeni.

"Vipi, mama?" Donatus akauliza, akiwa na wasiwasi.

"Hayana ladha."

"Ndivyo maji yalivyo, mama."

Zipora akafikiri. Miaka hamsini na sita ya tope, la ng'ombe na la mto na la mtungi, ilikuwa mdomoni mwake ikishangaa.

"Gete? Kweli?" akasema. Akanyoosha kikombe chini ya bomba. "Hebu nipe tena, nihakikishe."